Tochi Kichakani: Uhalali na Haki ya Kamera za Mwendokasi Zilizofichwa

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya kamera za mwendokasi zilizofichwa ni kwamba dola haipaswi kumvizia raia wake, na jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba asiyevunja sheria hana sababu ya kuogopa kuviziwa. Hoja zote mbili zina uzito mdogo kuliko zinavyosikika, kwa kuwa ya kwanza inachukulia kila jambo linalokera kuwa ni haramu, na ya pili inachukulia kuwa kipimo hakikosei, kibao kipo mahali pake, na anayeshika kifaa hana maslahi yake mwenyewe. Kinachodaiwa katika sura hii ni kwamba kufichwa kwa kamera, peke yake, hakumdhulumu dereva. Dhuluma huanza pale panapofichwa pamoja nayo kikomo cha mwendo, ushahidi wa kipimo, au mwenendo wa ofisa anayetoza faini.

Kamera ya mwendokasi, kwa maana inayotumika hapa, ni kifaa chochote kinachopima kasi ya chombo cha moto na kuhifadhi kumbukumbu ya kipimo hicho. Rada hutuma mawimbi ambayo hurudi yakiwa yamebadilika kulingana na kasi ya gari. Leza hutuma vipigo vya mwanga na kukokotoa umbali unaopungua au kuongezeka baina ya kipigo kimoja na kingine. Na mfumo wa wastani husoma namba ya gari katika nukta mbili zilizo mbali, kisha hugawanya umbali kwa muda. Kifaa cha mkononi ambacho Watanzania wamekizoea kwa jina la tochi, kwani askari hukielekeza kwenye gari kama mtu anayemulika gizani, kimo katika kundi hili. Kufichwa nako kuna daraja zake: kifaa kinaweza kuwa ndani ya gari lisilo na alama za polisi, ndani ya kisanduku cha kijivu kisichotangulizwa na kibao cha onyo, au mkononi mwa askari aliyejibanza nyuma ya mti.

Mjadala huu ni mkongwe kuliko kamera zenyewe. Baada ya Uingereza kupitisha Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi, polisi walikuwa wakijificha nyuma ya ua wa miti kandokando ya barabara wakiwa na saa za kupimia, wakihesabu muda ambao gari lilitumia kupita baina ya alama mbili za umbali unaojulikana. Chama cha wenye magari cha Automobile Association kilianzishwa mwaka 1905 hasa kwa ajili ya kukabiliana na mitego hiyo, na watu wake wa doria waliokuwa wakizunguka kwa baiskeli waliwaonya madereva waliokuwa wakiikaribia. Mwaka 1910 mahakama iliamua kwamba mtu wa doria aliyewaonya madereva waliokuwa tayari wamevuka kikomo alikuwa amemzuia polisi kutekeleza kazi yake. Chama hakikuacha kazi hiyo, bali kiliigeuza kichwa chini: mtu wa doria alitakiwa kumpigia saluti kila mwanachama anayepita, na mwanachama asiyepigiwa saluti alishauriwa kusimama na kuuliza sababu, jambo ambalo lilikuwa vigumu kwa mwendesha mashtaka yeyote kuliita kosa. Madereva wa mabasi wa Afrika Mashariki wanaowashiana taa mchana kweupe wanaendeleza, pengine bila kujua, desturi yenye umri wa zaidi ya karne moja.

Kifaa kilichokuja kuchukua nafasi ya saa ya kupimia kina asili inayochekesha kidogo. Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano kutoka Uholanzi aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953, alitengeneza chombo cha kupima mwendo wake mwenyewe katika kona ili apate kwenda kwa kasi zaidi, na kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyowapatia polisi wa nchi nyingi kamera zinazoitwa Gatso. Kamera ya aina hiyo hupiga picha mbili zinazopishana kwa nusu sekunde, na mistari iliyochorwa juu ya lami humwezesha mchunguzi kuona gari limesogea umbali gani baina ya picha hizo, hivyo kuhakiki kilichosomwa na rada. Sifa hiyo ya kipimo kimoja kuhakikiwa na kingine itahitajika tena mbele, kwani ndiyo kitovu cha suala zima la haki.

Kisheria, neno mtego linalotumiwa na madereva halilingani na mtego unaokatazwa na mahakama. Katika mifumo mingi ya sheria, hasa ile yenye asili ya Kiingereza, mtego usiokubalika ni kitendo cha wakala wa dola kumshawishi mtu atende kosa ambalo asingelitenda pasipo ushawishi huo, kama vile ofisa anayejifanya mnunuzi wa dawa za kulevya na kumsihi mtu asiyekuwa na nia ya kuziuza. Kamera iliyofichwa haimshawishi dereva kukanyaga mafuta. Inaandika alichokwisha kukiamua. Kwa sababu hiyo mahakama hazina desturi ya kutengua hukumu kwa hoja tu kwamba polisi hakuonekana, na dereva anayejitetea kwa hoja hiyo peke yake hupoteza muda wake.

Hata hivyo, bunge linaweza kuamua jambo ambalo majaji hawakuliamua, na mfano ulio bora ni wa jimbo la California nchini Marekani. Sheria ya Magari ya jimbo hilo inamtaka askari ambaye kazi yake kuu ni usalama barabarani avae sare kamili, na gari lake lipakwe rangi inayolitambulisha; askari aliyekiuka sharti hilo hawezi kuwa shahidi katika kesi ya mwendokasi. Sheria hiyohiyo inakataza kile inachokiita mtego wa mwendo, na tafsiri yake ina mambo mawili. La kwanza ni kipande cha barabara kilichopimwa urefu ili gari lihesabiwe muda likipita, yaani mbinu ileile ya polisi wa mwaka 1905. La pili, ambalo lina mafunzo makubwa zaidi, ni kipande cha barabara chenye kikomo kisichoungwa mkono na utafiti wa kihandisi uliofanywa ndani ya muda uliowekwa, endapo polisi wanatumia rada au leza hapo. Maana yake ni kwamba, kabla ya kumshtaki dereva kwa kupita kikomo, mamlaka inaweza kulazimika kuthibitisha kwamba kikomo chenyewe kiliwekwa kwa sababu na si kwa kubahatisha. Wabunge wa California waliona kwamba namba iliyoandikwa juu ya kibao inaweza kuwa mtego mkubwa kuliko askari aliye nyuma yake.

Upande wa pili wa mizani ni uhai wa watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi yake, hivyo gari linalopita kijijini kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 50 linabeba nishati zaidi ya mara mbili na nusu, na nishati hiyo yote inapaswa kwenda mahali fulani linapogonga. Kanuni iliyotokana na kazi ya Göran Nilsson wa Sweden, ambayo watafiti wengi huitumia, inaeleza kuwa ongezeko la asilimia 1 la wastani wa mwendo huambatana na ongezeko la takribani asilimia 4 la ajali zinazoua. Mtu anayelalamikia kamera bila kuzitaja takwimu hizi anaeleza nusu ya habari.

Swali lililo gumu zaidi ni iwapo kamera iliyofichwa huokoa maisha zaidi ya ile inayoonekana. Kamera inayoonekana ina udhaifu unaojulikana na kila aliyewahi kupanda basi la masafa marefu: dereva hufunga breki anapoikaribia, kisha huongeza mwendo mara tu anapoipita. Nchini New Zealand, mwaka 1997, yalianza majaribio ya kutumia kamera zilizofichwa katika eneo moja la nchi kwenye barabara zenye kikomo cha kilomita 100 kwa saa, huku maeneo mengine yakiendelea na kamera za wazi, na watafiti walioyafuatilia waligundua kwamba mwendo na ajali vilipungua kwenye barabara za eneo lote, pamoja na sehemu zisizokuwa na kamera. Sababu yake si fumbo. Dereva asiyejua kamera iko wapi hulazimika kudhani kwamba inaweza kuwa popote. Ipo, lakini, njia ya tatu ambayo wapinzani na watetezi wa kamera za siri huisahau, nayo ni mfumo wa wastani, kama ule uliowekwa mwaka 2014 kwenye barabara ya A9 ya Scotland kati ya Dunblane na Inverness. Mfumo huo unaonekana waziwazi, umetangazwa kwa vibao, na bado haukwepeki, kwa kuwa kufunga breki mbele ya kamera moja hakusaidii kitu mtu akiwahi kufika kwenye inayofuata.

Uingereza yenyewe ilichagua uwazi. Tangu mwaka 2001 visanduku vya kijivu vilianza kupakwa rangi ya manjano, na mamlaka zilizotaka kurudishiwa gharama za kamera kutoka kwenye mapato ya faini zilitakiwa kutimiza masharti ya kuonekana kwake. Sharti hilo lilikuwa la kifedha na kiutawala. Dereva aliyepigwa picha na kamera iliyofunikwa na matawi hakuwa na utetezi mahakamani kwa sababu hiyo. Tathmini ya miaka minne iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba waliouawa au kujeruhiwa vibaya kwenye maeneo ya kamera walipungua kwa asilimia 42. Namba hiyo ilinukuliwa sana na wanasiasa, ingawa kiambatisho cha ripoti yenyewe kilitoa tahadhari kuhusu kile wanatakwimu wanachokiita kurejea kwenye wastani: kamera huwekwa mahali palipokuwa na ajali nyingi kupita kawaida katika kipindi fulani, na mahali kama hapo ajali zingepungua kwa kiasi fulani hata kama pangewekwa kibanda cha kuuzia magazeti. Kamera zilisaidia, ila si kwa ukubwa wote wa namba ile.

Kama kufichwa kwa kifaa kunaweza kutetewa, kufichwa kwa ushahidi hakutetewi. Sheria ya Kiingereza kwa muda mrefu imeweka kanuni kwamba mtu asitiwe hatiani kwa kosa la mwendo kwa kutegemea maoni ya shahidi mmoja tu aliyeona gari likienda mbio, na kanuni ya namna hiyo ilivuka bahari na kuingia katika sheria za makoloni, ikiwamo Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403. Jicho la mwanadamu halikuaminiwa; lilitakiwa kuungwa mkono na jambo jingine, na mashine ndiyo iliyokuja kulijaza pengo hilo. Hatari iliyofuata ni kwamba mashine, iliyoletwa kama msaidizi wa shahidi, iligeuka kuwa shahidi asiyehojiwa.

Mji wa Melbourne nchini Australia ulilipia somo hilo. Katika jimbo la Victoria, ambako kamera za siri zimetumika kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kamera za kudumu kwenye barabara ya Western Ring Road zilirekodi kwamba gari dogo na kuukuu aina ya Datsun 120Y lilikuwa likienda kilomita 158 kwa saa. Gari hilo lilipopimwa lilibainika kuwa haliwezi kabisa kufika mwendo huo, na uchunguzi uliofuata mwaka 2003 ulifichua kasoro katika mfumo wenyewe. Serikali ililazimika kufuta au kurudisha maelfu ya faini na kuwalipa fidia madereva waliokuwa wamenyang'anywa leseni, na miaka kadhaa baadaye jimbo hilo lilianzisha kwa sheria wadhifa wa Kamishna wa Kamera za Usalama Barabarani, asiyefungamana na polisi na anayepokea malalamiko. Inafaa kukumbukwa kwamba kosa hilo liligunduliwa kwa sababu gari lilikuwa bovu mno. Mwenye gari jipya lenye injini kubwa, akiandikiwa kilomita 158 kwa makosa yaleyale, asingekuwa na njia ya kujitetea, na pengine yeye mwenyewe angeishia kuamini kwamba alikwenda mwendo huo.

Ujerumani imelichukua suala hili mbali zaidi. Tarehe 5 Julai 2019 Mahakama ya Katiba ya jimbo la Saarland iliamua kwamba hukumu iliyotokana na kifaa cha leza cha Traffistar S 350 ilikiuka haki ya mshtakiwa ya kujitetea, kwa sababu kifaa hicho hakikuwa kikihifadhi data ghafi, yaani vipimo vya awali ambavyo kwavyo mwendo ulikokotolewa, na hivyo hapakuwa na kitu ambacho mtaalamu wa upande wa utetezi angeweza kukihakiki. Majaji hawakusema kwamba kifaa kilikosea. Walisema kwamba hata kipimo kilicho sahihi hakitoshi endapo raia amezuiwa kuuliza kilipatikanaje. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho ilikubali kwamba dereva ana haki, kwa masharti, ya kupatiwa taarifa za kipimo zilizopo hata kama hazimo kwenye jalada la kesi, ingawa baadaye ilikataa kupokea lalamiko lililotaka data ghafi zihifadhiwe kwa lazima, na mahakama nyingi za Ujerumani hazikuufuata msimamo wa Saarland. Pamoja na hayo, msimamo wa mahakama ile ndogo ndio ulio sahihi zaidi, kwa kuwa faini ni adhabu, na adhabu isiyoweza kuhakikiwa ni amri tu.

Suala la nani alikuwa akiendesha linaweza kupitwa kwa haraka. Kamera huona namba ya gari kwa urahisi kuliko uso wa dereva, hivyo nchi hulazimika kuchagua baina ya kumwajibisha mmiliki na kumlazimisha amtaje aliyekuwa kwenye usukani. Uingereza ilichagua njia ya pili, na tarehe 29 Juni 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 15 dhidi ya 2, ilikataa hoja ya madereva wawili kwamba kulazimishwa huko kulivunja haki yao ya kunyamaza, kwa maelezo kwamba anayemiliki na kuendesha gari amekubali kuingia katika shughuli inayodhibitiwa kwa sheria maalumu. Uganda ilijaribu njia ya kutuma adhabu kwa kufuata namba ya gari mwezi Juni 2025, kwa faini za shilingi 200,000 kwa aliyezidisha hadi kilomita 30 kwa saa na 600,000 kwa aliyezidisha zaidi ya hapo, na ndani ya siku chache serikali iliusimamisha mfumo huo kutokana na kilio cha wananchi. Kilio hicho hakikuwa cha kamera peke yake. Madereva wengi walisema kwamba walitozwa kwa kuvuka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo hawakuwa wameona kibao chochote.

Hapo ndipo hali ya Afrika Mashariki inapotofautiana na ya Ulaya, na ndipo mjadala ulioletwa kutoka nje unapoteleza. Huko kamera hutuma barua kwa posta, na dereva hana wa kubishana naye wala wa kumbembeleza. Nchini Rwanda, ambako watu wamezipa kamera za barabarani jina la utani la Sofia, mfumo umefanana kwa kiasi na huo, kwani ujumbe wa faini humfikia mwenye gari kwenye simu. Kwenye barabara kuu za Tanzania, kwa upande mwingine, tochi hushikwa na askari, mara nyingi akiwa kivulini au nyuma ya kichaka karibu na mwisho wa eneo la kilomita 50, naye hupiga picha ya kipimo na kuituma kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, ambaye ndiye anayelisimamisha gari na kumwonyesha dereva picha hiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura 168, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi na 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na faini inayotozwa kwa kawaida ni shilingi 30,000 kwa kosa.

Katika mpangilio huo anayefichwa ni mtu, na kujificha kwa mtu kuna athari ambazo kujificha kwa kisanduku hakuna. Aliyepima hasimami mbele ya dereva, na aliyesimama mbele ya dereva hakupima. Picha iliyomo kwenye simu ya kwanza inaweza kuwa haina uhusiano unaoonekana na gari lililosimamishwa, na mazungumzo yanayofuata hufanyika kando ya barabara, bila shahidi, baina ya mtu mwenye mamlaka ya kutoza na mtu mwenye haraka ya kuondoka. Rushwa haihitaji hali nzuri zaidi ya hiyo. Tena vibao vya chuma huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vingine huangushwa na malori na visisimamishwe tena, hivyo dereva mgeni anaweza kuingia eneo la kilomita 50 asijue kwamba ameingia. Askari aliyejificha mita chache mbele ya mahali ambapo kibao kimeng'olewa anatekeleza sheria ambayo dola yenyewe imeshindwa kuitangaza, na hapo kujificha kunageuka kuwa sehemu ya dhuluma, hata kama mahali pengine kungekuwa halali kabisa.

Katiba za nchi hizi zina maneno ya kutosha kulishughulikia jambo hilo. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuarifiwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia na kuupata kwa kiasi kinachofaa, na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani. Zikisomwa kwa dhati, ibara hizo zingemwezesha dereva kudai aonyeshwe picha ya asili yenye namba ya gari lake, saa, mahali na mwendo, pamoja na cheti kinachoonyesha lini tochi ilihakikiwa mara ya mwisho na nani alikuwa ameishika. Lakini haki hizo zote zinakaa mahakamani, na dereva wa basi aliyesimamishwa katikati ya safari, akiwa na abiria zaidi ya 50 wanaomwambia alipe waondoke, hulipa shilingi 30,000 na kuondoka, na kipimo kilichomtoza hakihojiwi na mtu yeyote.